Nyoka Mdogo Uani: Mtambue Bila Kumgusa

Mvua za Novemba zikishakaza, hodi za alfajiri hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, huwa za aina moja. Mtoto anatumwa mbio: "Mama anasema uje, kuna nyoka chini ya karai la ndagala." Ukifika unakuta watu saba, panga moja, fimbo mbili, na kiumbe kisichozidi urefu wa mkono wa mtoto kimejibana ukutani. Kila mtu ana jina la kumpa. Huyu anasema ni swira, yule anasema ni mtoto wa koboko, bibi mmoja anasema ni wa humu humu ndani, amekuwapo tangu nyumba ijengwe. Mwenye panga ndiye anayefunga mjadala. Na kichwa kikishapondwa, hakuna tena wa kujua nani alisema kweli, kwa sababu majibu mengi yalikuwa kichwani.

Nimeitwa mara nyingi kwenye mikusanyiko ya namna hiyo, mjini na huko kwenye mashamba ya michikichi. Nimejizoeza kufika bila papara, nikasimama hatua nne au tano kutoka alipo nyoka, nikatazama kwanza. Umbali huo unatosha kuona karibu kila kitu kinachohitajika. Nikiwa na jambo moja la kumwomba msomaji alishike, ni hili: udogo wa nyoka si dalili ya upole wake, na vidole vya mtu havina kazi yoyote katika kumtambua.

Aliyelipa gharama kubwa kwa jambo hili alikuwa bingwa. Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park huko Chicago ilimpelekea Karl P. Schmidt, wa jumba la makumbusho la mjini humo, nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 76. Schmidt alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa nyoka duniani, na alikuwa ameandika vitabu juu ya wanyama watambaao wa Kongo, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Alimshika ili akague magamba, lakini alimshika nyuma kidogo ya mahali panapotakiwa. Nyoka akageuka, akamwuma kidole gumba. Kwa kuwa alikuwa mdogo, tena jino moja tu ndilo lililozama vizuri, Schmidt na wenzake hawakuona sababu ya hofu. Alirudi nyumbani akawa anaandika hali yake saa baada ya saa. Kesho yake alasiri alifariki, damu ikimvuja ndani kwa ndani. Yule alikuwa kijana wa nyoka wa mitini anayeitwa Dispholidus typus, na nyoka huyo tunaye hapa Burundi pia.

Basi ukimwona mdogo, usianze na rangi. Rangi hudanganya: nyoka anayekaribia kujivua gamba hupauka, na mtoto mara nyingi hafanani na mama yake. Anza na mahali na saa. Nyoka hakai mahali pasipo na chakula chake au maficho, na ukijua yuko wapi, anafanya nini na ni saa ngapi, umeshapunguza majina kutoka ishirini hadi manne.

Tuanze majini, maana huku kwetu nyoka wengi huletwa nyumbani na nyavu. Asubuhi moja mwaloni wavuvi walikuwa wakikung'uta wavu uliokesha karibu na mawe. Katikati ya samaki akadondoka nyoka mwembamba, mgongo wa kahawia yenye ukijani wa mzeituni, tumbo la njano hafifu kama mawese yaliyokaangwa mpaka yakapauka. Magamba yake yalikuwa laini, yaking'aa kama yamepakwa mafuta, na macho madogo sana. Kijana mmoja akainua kafi, akapaza sauti kwamba ni swira wa ziwani. Niliinama kidogo kutazama shingo. Haikuwa na pete. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye ameona wengi kuliko mimi, alimchota kwa ubapa wa kafi akamrudisha majini, naye akazama kati ya mawe mawili.

Huyo ni Lycodonomorphus bicolor, na hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Hana sumu. Mchana hujificha chini ya mawe, usiku huvua samaki wadogo, na ndiyo sababu hunaswa. Akifika uani mwako, amefika ndani ya wavu uliokunjwa au chini ya karai, wala hakuja kukutafuta.

Swira wa maji naye yupo kweli, na jamii ya ziwa letu ina sura yake ya peke yake. Wanasayansi waliiandika mwaka 1886 na kuipa jina la Émile Storms, afisa wa Kibelgiji aliyeongoza kituo cha Mpala, upande wa Kongo. Tazama shingo: mwili ni wa kahawia, na pete nyeusi mbili au tatu zimezunguka shingo peke yake. Akiudhika huinua kichwa na kupanua shingo, ingawa si kwa upana wa swira wa nchi kavu. Mkubwa anaweza kupita mita mbili, lakini watoto wake huanguliwa wakiwa na pete hizo hizo, kwa hiyo usiseme "huyu ni mfupi mno kuwa swira." Ni mla samaki, na kwa kawaida humkimbia mtu. Hatari yake iko hasa kwenye wavu, mvuvi anapochomoa samaki gizani kwa kupapasa. Ukikuta pete shingoni, weka wavu chini, sogea, mwache ajitoe mwenyewe au kata sehemu ile ya wavu kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu. Wavu hushonwa.

Kumbuka pia kwamba ziwa halikukaa mahali pake miaka hii. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yalipanda yakaingia majumbani kwenye mwambao. Pale maji yalipoacha kuta zilizobomoka na marundo ya mawe, nyoka wa ziwani wamepata makao mapya hatua chache kutoka vyumbani mwetu.

Ukipanda kutoka ufukweni, chakula hubadilika na nyoka hubadilika. Penye chikichi pana panya, na penye panya pana nyoka wa nyumbani, yule ambaye bibi alimtetea. Utamkuta usiku darini, ghalani, au nyuma ya magunia. Ni wa kahawia, wakati mwingine mwekundu kama tofali, na mwanga wa tochi ukimpiga mgongoni utaona rangi zikicheza kama petroli juu ya maji. Alama yake kubwa ni usoni: mistari miwili myeupe-njano kila upande, mmoja kutoka puani kupita juu ya jicho, mwingine chini ya jicho kuelekea taya. Watoto wake wana sentimita 20 hivi na mistari hiyo ni dhahiri. Hana sumu, huua panya kwa kumkaba. Nyoka huyu namtetea bila kuona haya. Anayemuua hununua panya, na panya ndio wanaomleta swira.

Udongoni ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kwa kujiamini.

Baada ya mvua kubwa ya usiku, au jembe linapogeuza mboji, hutokea nyoka mdogo mweusi au kahawia iliyoiva. Wako wa aina tatu wanaofanana machoni pa mtu mwenye haraka. Wa kwanza ni yule kipofu, mwembamba kama kamba ya kiatu, anayekula mayai na watoto wa mchwa na siafu. Kirundi hutumia neno moja, inzoka, kwa nyoka na kwa minyoo ya tumboni, na huyu kweli yuko katikati ya maneno hayo mawili: kichwa na mkia vinalingana, macho ni nukta mbili chini ya magamba. Mtofautishe na nyungunyungu kwa kuwa mwili wake ni mkavu, hauna mikunjo ya pete, na anatoa ulimi. Hawezi kumdhuru mtu.

Wa pili ni mla mijusi, mweusi mwenye kichwa bapa, na magamba yake mengi yana vidoa vyeupe kana kwamba amenyunyiziwa unga. Hana madhara na huenda polepole.

Wa tatu ni Atractaspis. Huyu hana shingo: kichwa kinaungana na mwili bila kujulikana kinapoishia. Macho ni madogo, magamba laini, weusi wake una wekundu wa zambarau juani. Mkia ni mfupi na unaishia kwa ncha kali, ndiyo maana watu husema anachoma kwa mkia. Akiguswa na ncha ya fimbo hukunja sehemu ya mbele ya mwili kama upinde, pua ikichimba chini, kisha hujirusha kwa mshtuko. Meno yake ya sumu ni marefu mno kwa kichwa chake, naye huyatoa ubavuni mwa mdomo, mdomo ukiwa umefungwa, akachoma kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo ule ustadi wa kumshika nyoka nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, kwake ni kumpelekea kidole.

Kijana wa jirani yangu alimfukua mmoja kwenye shamba la mihogo. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi wataalamu wanavyoshika, naye akafanya hivyo hivyo mbele ya wenzake. Mdomo wa nyoka haukufunguka. Alihisi kitu kama mwiba wa sangala umemchoma ubavuni mwa kidole cha shahada, akacheka. Usiku mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, naye hakuweza kulala kwa maumivu. Siku ya nne ncha ya kidole ilikuwa nyeusi. Leo kidole hicho ni kifupi kuliko kilivyozaliwa, na yeye ndiye wa kwanza kuwafukuza watoto mvua inapoleta nyoka njiani.

Kwa kuwa wa pili na wa tatu wamewahi kuwachanganya hata wanaoishi kwa kazi ya nyoka, kanuni yangu ni fupi: nyoka yeyote mdogo mweusi wa udongoni ni Atractaspis mpaka atakapokuwa ameondoka.

Penye maji machafu ya jikoni pana vyura, na penye vyura pana wageni wengine. Mmoja ni kipili wa vyura, mnene, wa kijivu au kahawia, mwenye mabaka mgongoni na alama nyeusi ya V kichwani, ncha yake ikitazama pua. Akitishwa hujaza hewa na kufoka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Kung'ata kwake huleta maumivu na uvimbe, na aliyeumwa apelekwe hospitali. Yupo pia mla mayai, asiye na meno ya maana wala sumu, ambaye amejaliwa mabaka yanayofanana na ya kipili huyo na husugua magamba yake yakatoa sauti ya mfoko. Amewadanganya ndege na binadamu kwa pamoja. Ukishindwa kuwatenganisha, na utashindwa, mchukulie kuwa ni kipili.

Kifutu, ambaye Warundi humwita impiri, ni habari nyingine. Huyu hatagi mayai, huzaa watoto walio tayari, na mara moja huwa 20 hadi 40. Jike mmoja kutoka Kenya, aliyefugwa kwenye bustani ya wanyama nchini Ucheki, alizaa 156. Kila mmoja huja duniani akiwa na sentimita 15 hadi 20, meno na sumu vikiwa vimekamilika. Kwa hiyo ukikuta kijinyoka kinene chenye kichwa kipana, shingo nyembamba, na mgongoni safu ya alama za V zinazotazama mkiani, usimtume mtoto akachukue ufagio. Kusanya watoto ndani, vaa viatu, na jua kwamba huenda ndugu zake wako karibu. Hutulia kwenye nyasi bila kukimbia, na kutulia huko ndiko kunakofanya akanyagwe.

Wa kijani sitawasemea sana. Wengi wanaoonekana kwenye migomba na vichaka karibu na mito ni wala vyura wembamba wasio na sumu. Lakini nyoka aliyemuua Schmidt naye huweza kuwa wa kijani. Yeye ana kichwa kifupi na jicho kubwa kupita kiasi, kama jicho la ndagala, na magamba yake yana mkwaruzo. Uso unaoonekana kuwa jicho tupu, mwache juu ya mti wake.

Sasa, yuko chumbani, ufanye nini? Mtu mmoja amtazame bila kuondoa macho, kwa sababu nyoka unayemwona si tatizo kama yule aliyepotea chini ya kitanda. Mwingine atoe watoto na kuku. Funga milango ya ndani, fungua wa nje, kisha kwa fagio la mpini mrefu msukume taratibu kando ya ukuta. Nyoka hupenda kufuata ukuta, na mlango ukiwa mbele yake atatoka. Akikataa, mfunike kwa ndoo, weka tofali juu, umtafute mtu mwenye uzoefu. Picha ipige ukiwa mbali, uikuze kwenye simu baadaye: kichwa kutoka juu, ubavu wa uso, na mgongo. Akiinua kifua na kupanua shingo, rudi nyuma na ugeuze uso, kwa maana swira wa kutema hurusha sumu zaidi ya mita mbili, na watoto wake wanajua kazi hiyo tangu kuanguliwa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa robo saa, usisugue, nenda hospitali.

Mafuta ya taa na vitunguu saumu kizingitini haviwafukuzi. Kinachosaidia ni kuondoa rundo la tofali lililoegemea ukuta, kutorundika vichala vya chikichi karibu na chumba cha kulala, kuziba tundu chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa, na kuchomekea chandarua chini ya godoro pande zote. Chandarua kile kile cha malaria humzuia nyoka asipande kwa mtu aliyelala, hasa aliyelala chini.

Na akiuma? Hapo kazi ya kumtambua imekwisha. Usimkimbize, usimuue ili umpeleke hospitali. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma, na daktari hutibu kwa dalili anazoziona mwilini. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Tuliza kiungo kwa ubao na kitambaa kama mfupa uliovunjika. Usifunge kamba ya kukata damu, usichanje, usinyonye. Jiwe jeusi linalouzwa kote kuanzia Bukavu hadi huku ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa hadi ukawa mkaa. Linanata kwa sababu linafyonza unyevu, na wakati watu wanasubiri lianguke, sumu inaendelea na safari. Mkipata pikipiki, mgonjwa akae katikati, dereva mbele na ndugu nyuma wa kumshikilia. Huko Nepali walizoesha vijiji kufanya hivyo, na watu wengi walifika hospitali wangali hai.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, likikadiria kwamba inaua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Seramu ni ghali na haipatikani kila mahali. Fav-Afrique, iliyotegemewa sana Afrika, iliacha kutengenezwa mwaka 2014. Kwa Atractaspis hakuna seramu inayofaa kabisa, na ndiyo maana kumweleza mwuguzi kwamba nyoka alikuwa mweusi, mdogo, asiye na shingo, alitoka udongoni, kunaweza kumwokoa mgonjwa na dawa isiyomhusu. Kope zikianza kulegea au mate kushindwa kumezwa, sema mara moja, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu. Fizi zikivuja damu, hata kama ni kesho yake, rudi. Omba pia kipimo ambacho kituo chochote kinaweza kukifanya: damu kidogo kwenye chupa safi kavu ya kioo, iachwe dakika 20 bila kutikiswa. Ikibaki maji maji badala ya kuganda, mgonjwa yuko hatarini.

Schmidt aliandika saa za dalili zake kwa uaminifu, lakini aliziandika nyumbani. Wewe ziandike ukiwa njiani. Chukua kalamu ya mtoto wa shule, chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipofikia, na pembeni yake, juu ya ngozi hiyo hiyo, andika saa.